Kemboi na Picha za Kichwa

Wazazi wenzangu wa huku Molo, nawasimulia yaliyompata jirani yetu Kemboi, kwa maana yanaweza kumpata yeyote kati yetu.

Ilikuwa Jumapili, watu wametoka kanisani. Mkewe Jemutai alikuwa jikoni akimenya viazi, naye Kemboi ameketi nje akiota jua na kikombe cha chai. Mtoto wao Weldon, wa miaka sita, alikuwa akicheza na ndama. Mama wa ndama akamrushia teke, mtoto akaanguka na kugonga kichwa kwenye saruji ya boma.

Walipofika hospitalini Nakuru, Weldon alikuwa ametapika tena na tena, na alikuwa akisinzia hata akiitwa. Daktari Natalie akammulika machoni.

"Mzee, naogopa damu inavuja ndani ya kichwa. Apigwe skani, picha ya ndani ya kichwa, sasa hivi."

"Hapana," Kemboi akasema. "Hiyo mashine haitamgusa mwanangu."

Msimwone mjinga. Kifungua mimba wake, Cheruto, aliwahi kuanguka kutoka kwenye lori la viazi. Muuguzi alimchunguza akasema hana tatizo, aangaliwe tu nyumbani. Kemboi hakutulia. Alimpeleka kwenye kliniki moja, akasisitiza apigwe skani. Haikuonyesha kitu. Akampeleka kliniki nyingine, na kwa kuwa picha za kwanza aliziacha nyumbani, wakapiga upya. Tangu hapo, msichana akijikwaa au akilalamika kichwa, babake alimkimbiza kwenye mashine. Aliona huko ndiko kumpenda. Hakuna aliyemwambia habari ya mionzi ya mashine hizo, naye hakuuliza.

Miaka ikapita, Cheruto akapata saratani ya damu. Alipokuwa amedhoofika kabisa, Kemboi alimuuliza daktari wake, "Ni zile picha?"

"Mionzi huongeza hatari kidogo, hasa kwa watoto," daktari akamjibu. "Na nyingi kati ya zile hakuzihitaji. Lakini kama ndizo zilizomletea ugonjwa, hakuna anayeweza kukuambia."

Walimzika Cheruto, na Kemboi akabaki na jibu hilo.

Basi siku hiyo hospitalini Nakuru alimkumbatia Weldon, akakataa katakata. Alipomsimulia Natalie habari za Cheruto, daktari alimweleza kwa upole, "Pole sana kwa msichana wako. Yeye hakuwa na dalili. Huyu anazo. Tutapiga moja tu, na mionzi tutaipunguza ilingane na mtoto." Kemboi alimsikia, ila hofu ilimshinda nguvu. Akatoka na mtoto, akaketi naye kwenye benchi huku Jemutai akimsihi. Jua likashuka. Weldon akaacha kuitika.

"Baba Cheruto," Jemutai akasema, "tumeshazika mmoja. Mpe daktari mtoto wangu."

Akampa.

Skani ilionyesha damu imejikusanya na kuubana ubongo. Wakampasua, akapona. Lakini mkono wake wa kulia umelegea, na maneno humtoka kwa shida.

"Tungeanza mapema, pengine..." Natalie akasema, asimalize.

Siku hizi Kemboi ndiye humlisha Weldon uji. Mtoto akitaka kitu hukitazama, midomo ikihangaika, na babake hushikilia kijiko akingoja neno lije. Mara nyingine haliji.

FUNZO

Ndugu zangu, picha za hospitali huokoa watoto, lakini baadhi yake, hasa skani, zina mionzi, na mwili wa mtoto huumizwa nayo kwa urahisi kuliko wa mtu mzima. Usilazimishe picha ambayo daktari haoni haja yake. Zile zilizopigwa zitunze, uende nazo kila unapompeleka mtoto. Uliza: picha hii ni ya nini, kuna njia nyingine, kipimo cha mionzi ni cha mtoto? Lakini mtoto aliyegonga kichwa akitapika, akisinzia au akipoteza fahamu, na daktari akasema skani inahitajika, usikatae wala usikawie. Kemboi aliwapenda watoto wake wote wawili. Kwa mmoja hakuuliza, na kwa mwingine hakukubali jibu.