Soksi za Namba Arubaini na Sita

Jumatano Ibra, mji wa Omani, kuna soko la wanawake, na mwanamume mwenye akili zake halikaribii. Wauzaji wanawake, wanunuzi wanawake, hata wapagazi ni wanawake. Basi Desemba ya mwaka 2000, saa tatu asubuhi, Zuhair bin Nadhir alikuwa kasimama langoni pale na mfuko wa nailoni, kanzu yake ya dishdasha nyeupe imepigwa pasi ikakubali, jasho linamtoka, hajui aingie au akimbie.

"Kaka, umepotea au umetumwa na mkeo?" msichana mmoja akamuuliza kwa Kiarabu, na wenzake wakaangua kicheko.

"Balaa gani hii jamani," Zuhair akajisemea kwa Kiswahili.

"Umeitaka mwenyewe!" yule msichana akamrudishia kwa Kiswahili hicho hicho, tena kile kitamu cha Unguja.

Huyo ndiye Badriya, nesi wa hospitali, mtu wa Samad Ash Shan. Abaya nyeusi, na chini yake pindo la kanzu ya kijani kibichi lililomfanya Zuhair asahau kilichomleta. Kiswahili alilelewa nacho na bibi yake, Mabruka, aliyetoka Unguja mwaka wa mapinduzi. Zuhair chake alikuja nacho kutoka Bujumbura, alikozaliwa.

"Una nini humo?"

"Soksi za sufu. Jozi nne. Nataka kuzigawa."

"Sufu? Hapa Ibra? We mzima kweli?" Akatoa moja, akaipima mkononi, ikamfika kiwikoni. "Hii ya jini au ya binadamu?"

Zuhair hakucheka. "Ya binadamu," akasema. "Zichukue zote, mpe mtu yeyote. Sitaki kitu."

Badriya akazichukua kwa ajili ya bibi yake, ambaye miguu yake ina baridi hata mwezi wa Juni. Akachukua na namba ya simu, eti bibi akitaka kushukuru. Mimi na wewe tunajua nani aliyepiga.

Wakapendana kwa simu, kama walivyopendana wengi miaka ile. Zuhair alikuwa dereva wa serikali Mudhaibi, akiwapeleka wapimaji wa maji visimani. Badriya alimpigia kila akitoka zamu.

"Umekula?"

"Nilikungojea wewe unipikie."

"Wallahi utakufa na njaa, habibi. Chapati zangu bibi anazigongea misumari."

"Nitazila na misumari yake."

Lakini kulikuwa na kitu. Radi ikilia tu milimani, Zuhair alinyamaza katikati ya neno. "Upo?" Badriya angeita. "Zuhair, upo?" Naye yupo, amekaa garini, mkono wake wa kulia umejikunja ngumi bila yeye kuutuma, anavikunjua vidole kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto. Na sikioni kuna mtu anamwita, jina halitamki sawasawa: Suer! Suer!

Tena kulikuwa na wadi moja, bonde la mto wa msimu, ile inayokata njia ya Samad, ambayo Zuhair hakuivuka hata ikiwa kavu, changarawe tupu. Badriya akimwambia njoo umwone baba, anasema mwezi ujao. Miezi ikaenda kumi na moja, na binti wa watu anangoja.

Bibi Mabruka zile soksi alizifungia sandukuni kama dhahabu, akazitoa baridi ya mwaka wa pili. Siku ya kwanza tu akalalamika: "Mna kitu kinanichoma kidole." Badriya akatia mkono. Karatasi imekunjwa ikawa ndogo. Akatazama jozi nyingine, na nyingine. Barua nne za lugha ya kigeni, kila moja na mwaka wake, na chini ya kila moja jina moja.

Akapiga simu pale pale.

"Ingrid ni nani?"

Zuhair akaegesha gari kando ya njia.

"Nakuuliza! Mwanamke anakufumia soksi kwa mikono yake, anakutilia barua mpaka kidoleni, kila mwaka! Na mimi mnanitumia kumvisha bibi yangu, mnanicheka?"

"Barua? Barua gani?"

"Usinifanye mtoto. Hukutia mkono mle ndani?"

"Sijatia mkono mle hata siku moja," Zuhair akasema, na hiyo ilikuwa kweli tupu.

"Basi niambie ni nani."

"Siwezi, Badriya."

"Khalas. Na mimi siwezi." Akakata.

Angesema tu, utaniambia. Ehe, angesema. Lakini Zuhair alijua akianza atafika mpaka mwisho, na Badriya atajua ni mkono wa namna gani unaomuomba wake. Akaona bora aachwe kwa wivu kuliko kwa ukweli. Wiki tatu zikapita, hakupiga simu.

Desemba 2001, mkuu wa manesi akamwita Badriya. Wamekuja wanawake wawili wa Kinorwe, wanahitaji mkalimani. Mmoja, Solveig, sketi ndefu ya kitani na mtandio begani, alikuwa mtumishi wa kanisa la Wanorwe la huku Ghuba. Kanisa lile kazi yake si Jumapili peke yake. Mnorwe akiumwa ugenini, akifungwa, akifa, wao ndio wanaokwenda kukaa kando ya kitanda, wao ndio wanaopiga simu nyumbani. Miaka minne nyuma Solveig alikuja hospitali hii hii kuchukua maiti ya mpimaji wa maji aitwaye Eivind, aliyekufa na mafuriko ya wadi. Leo amemleta mama wa Eivind apaone mahali penyewe. Wamemwomba na dereva aliyenusurika afike.

Garini mama mwenyewe alikaa kiti cha nyuma, anafuma njia nzima mpaka kwenye wadi. Soksi ya kijivu, kubwa.

Badriya akaitazama. "Jina lake nani?" akamuuliza Solveig kwa Kiingereza.

"Ingrid."

Basi huyo ndiye mke mwenza aliyemliza wiki tatu: miaka sabini na mbili, miwani, mvi zimefungwa kisogoni. Badriya aliona haya hadi akageuza uso dirishani.

Zuhair alikuwa amesimama ukingoni mwa wadi, uso umempauka. Alipomwona Badriya anashuka garini akataka kurudi nyuma, lakini hakuna pa kwenda. Solveig akafungua kapu: chupa ya kahawa, na mikate myembamba laini ya umbo la moyo. Popote wanapokutana watu wa kanisa lile, hata penye msiba, lazima mikate ile iwepo. Zuhair naye alikuja na tende. Wakala kidogo, kwa adabu, hakuna aliyesikia ladha.

Kisha mama akasema Kinorwe, Solveig akakitia Kiingereza, Badriya akakitia Kiswahili.

"Anashukuru. Anasema miaka minne analala usingizi kwa sababu ulisema ulimshika mwanawe mkono mpaka roho ikatoka. Ndiyo maana anafuma soksi zake na kukuletea kupitia kanisa, maana hana mwingine wa kumvisha. Anauliza ni mkono upi. Anataka kuushika."

Zuhair akaurudisha nyuma mkono wa kulia. "Badriya," akasema. "Nilisema uongo."

"Uongo gani?"

"Maji yalikuja kutoka milimani, na hapa hakuna hata tone la mvua. Gari likachukuliwa. Mkono wa kushoto nimeshika mgunga, wa kulia nimemshika yeye. Ananiita. Mizizi ikaanza kung'oka."

"Akakuponyoka," Badriya akasema haraka haraka.

"Hakuniponyoka. Nilifungua vidole."

Badriya akasimama. Angeweza kusema aliponyoka. Ukingoni pale hakuna mwingine aliyejua Kiswahili, na mama angerudi kwao na usingizi wake. Alimpenda mtu huyu, ndio ukweli, na mdomo wake ulikuwa tayari.

"Nisemeje?" akamuuliza taratibu.

"Sema hivyo hivyo. Usinipunguzie."

Akasema. Mkalimani husema mimi, hana namna, basi akasema kwa Kiingereza: mimi nilifungua vidole. Solveig akasema na yeye, kwa Kinorwe.

Soksi ikamwanguka mama. Akateremka peke yake mpaka katikati ya changarawe, na huko akalia kwa sauti. Badriya akataka kumfuata, Solveig akamzuia: mwache. Walingoja mpaka kahawa ikapoa.

Aliporudi, akauliza jambo moja.

"Anauliza, ungeendelea kumshika ingekuwaje."

"Tungekwenda sote."

Mama akasikia, akaitikia kwa kichwa. Maneno yalikuja polepole. "Anasema leo hawezi kukwambia amekusamehe. Atakuwa muongo, na uongo umeshatosha. Lakini mkono bado anautaka."

Zuhair akautoa, umejikunja ngumi. Mama akaushika kwa mikono yake miwili, akakaa nao, mpaka vidole vikafunguka vyenyewe. Kisha akautazama mguu wa Zuhair ndani ya kiatu.

"Anauliza unavaa namba ngapi."

"Arubaini na moja."

"Eivind alikuwa arubaini na sita," mama akasema, akaiokota soksi yake, akaitia mfukoni.

Walipoingia garini, Badriya akabaki nyuma kidogo. "Uliniacha niamini una mwanamke."

"Si ndiye huyu?"

Wakacheka na machozi yanawatoka. "Ulidhani nikijua nitaukataa mkono huo?" akauliza.

"Ndiyo."

"Ijumaa baba yupo nyumbani. Njia ni hii hii, hakuna nyingine."

Ijumaa ile Zuhair aliliacha gari ng'ambo, akaivuka wadi kwa miguu. Bibi Mabruka akampokea mlangoni. "Shikamoo bibi," akasema, na bibi akaona vumbi mpaka magotini, asimuulize kitu.

Desemba iliyofuata walikuwa mke na mume. Posta ya Mudhaibi ikaleta kifurushi: jozi ya arubaini na moja, na nyingine ndogo ya kike. Zuhair akatia mkono mpaka kidoleni, mara yake ya kwanza. Barua ilikuwa fupi, wakamsomea Solveig herufi kwa herufi kwa simu, naye akaifasiri: Bado sijaweza. Ninafuma.

Alasiri ile mawingu yakashuka milimani, wadi ikaanza kunguruma kwa mbali. Mkono wa Zuhair ukajikunja. Badriya akautia wake ndani ya ngumi ile.

"Umesikia?" Zuhair akauliza. "Ananiita."

Badriya akasikiliza sana. Walikwisha kubaliana hakuna kupunguziana.

"Sikusikia," akasema. "Wewe msikilize. Mimi nimekushika."