Kwa Niaba ya Felisita

Jumatatu ile ilianza vizuri kabisa. Malori ya pamba yalikuwa yamepita alfajiri na kuacha manyoya meupe kwenye michongoma, bodaboda walikuwa wanagombea abiria nje ya geti, na chai ya kibandani ilikuwa na tangawizi ya kutosha. Felisita Shigela aliingia ofisini, akafuta vumbi mezani, akawasha kompyuta na kuvuta faili la kwanza.

Alikuwa karani wa leseni za udereva hapo Bariadi, mwaka wa sita sasa, kwa mkataba unaohuishwa kila Julai. Kazi yake ilimfaa kwa sababu ni mtu wa kushuku tangu utotoni. Dereva akija na leseni iliyotolewa mkoa mwingine, yeye ndiye aliyefuatilia huko alikotoka kama aliwahi kugonga, kulewa au kukimbia. Akiridhika, anaandika neno moja kwenye kisanduku cha fomu, SAFI, kisha jina lake na saini. Asiporidhika anaandika SI SAFI na sababu yake. Bila neno hilo hakuna leseni, hata uje na mkuu wa nani.

Meza ya kushoto kwake ilikuwa ya Dastan, mtu wa mihuri. Hao wawili walitaniana kuanzia kufungua mlango hadi kufunga, na mke wa Dastan, Veronica, alimwita Felisita wifi bila mtu kukumbuka lilianzaje. Felisita akichelewa, Dastan anamfunika. Dastan akisinzia, Felisita anakohoa bosi akikaribia.

Saa tatu akaingia mwanamume wa miaka hamsini na kitu, shati jeupe limepigwa pasi, viatu vinang'aa kuliko vumbi la Bariadi linavyoruhusu.

"Mwangaluka, mayu," alisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba. Mhola?"

"Mhola duhu."

Aliitwa Ngeleja. Mzaliwa wa Mkula, amerudi nyumbani baada ya miaka kumi na tisa ya kuendesha mabasi huko kusini na magharibi. Tayari alikuwa amepata basi la kutoka Bariadi kwenda Lingeka, kilichobaki ni leseni tu. Felisita akafunua faili lake. Mikoa mitatu, miaka kumi na tisa. Hakuna ajali. Hakuna onyo. Hakuna hata faini ya kuzidisha abiria.

"Huyu si dereva, ni katekista," Dastan alisema mzee alipotoka kusubiri kwenye benchi. "Mimi nina pikipiki tu na nimeshapigwa faini nne."

Felisita alicheka, lakini mkono ulishafika kwenye simu. Fomu ya mwisho ilikuwa imehakikiwa mkoani Rukwa na karani aitwaye Wilhelmina. Akapiga, akaomba kuongea naye. Simu ikahamishwa, ikaja sauti ya mwanamke mwingine, chini sana, ya mtu aliyeziba simu kwa kiganja.

"Wilhelmina ni marehemu, dada. Ulikuwa unamtakia nini?"

"Nahakiki dereva. Anaitwa Ngeleja."

"Umeshaandika?"

"Kuandika nini?"

"Hilo neno. Umeshaandika?"

"Bado."

"Usiandike."

Yule mwanamke akamsimulia kwa haraka, huku akikatiza kila mtu alipopita karibu yake. Wilhelmina alikutwa ofisini mchana kweupe, amekaa kwenye kiti chake, mbavu zimevunjika, shingo imelegea. Nywele zake zilijaa punje za kioo, zile za kioo cha gari. Dirisha la ofisi yao halina kioo, ni la wavu. Saa hiyohiyo basi la Ngeleja lilibingirika bondeni mara tatu, na abiria wote wakatoka wakijikung'uta vumbi. Basi likasukumwa barabarani likaendelea na safari. Nani angeandika ajali hapo?

"Na aliyemwandikia kabla yake, Elia, kule Lindi," sauti ikaongeza, "alifia kitandani kwake. Alikuwa na alama ya mkanda wa gari kifuani. Hakuwa na gari, dada."

Simu ikakatwa.

Felisita ni Mkatoliki wa kwaya, lakini alikulia Meatu, kwenye kaya ya wafugaji, ambako neno ndagu husemwa watoto wakishatoka nje. Ni dawa ya bahati, yenye masharti yake: mmoja ananeemeka, mwingine anaumia. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Ajali za mzee yule zilikuwepo zote, ila zilimwendea mtu aliyesema yeye ni safi.

"Rukwa wanasemaje?" Dastan aliuliza.

Hapo ndipo alipokosea. Alimtazama Dastan, akatazama kompyuta, vyeti vyake ukutani, foleni ya watu wenye bahasha, na akaona aibu. Mtu mwenye stashahada atamke ndagu ofisini, saa tatu na nusu asubuhi? Angetaniwa hadi kustaafu.

"Bado wanatafuta kumbukumbu," alisema. "Nasubiri majibu."

Faili akalifungia kwenye droo. Kesho yake Ngeleja akaja, akakaa kwenye benchi, mikono juu ya magoti. Keshokutwa akaja tena. Hakulalamika. Kila Felisita alipopita kwenda msalani alimsikia akinong'ona, "Umeshaandika, mayu?" Usingizi ulimpaa. Chakula kikamshinda. Alikuwa akiinuka kitini mara kumi kwa saa bila kujua anakwenda wapi.

Alhamisi bosi wao, Mzee Yakobo, alikuja kusimama mbele ya meza yake.

"Huyu mzee ana kosa gani?"

"Nina wasiwasi naye, bosi."

"Wasiwasi hauna kisanduku kwenye fomu. Kama si safi, andika sababu. Kama huna sababu, andika safi. Kesho jioni faili liwe limetoka, au mimi na wewe tutaongea kwa barua."

Ijumaa asubuhi kichwa kilimwuma hadi akaenda kupima malaria. Hakuwa na malaria. Aliporudi saa nane benchi lilikuwa tupu, na Dastan alikuwa anatabasamu.

"Dada Feli, soda yangu iko wapi? Mzee Yakobo alishaanza kukuandikia barua ya onyo. Nimekuokoa."

Akamsogezea nakala ya fomu. Kwenye kisanduku, kwa mwandiko wa Dastan, neno lilikuwa SAFI. Chini yake: Kny Felisita Shigela. Kisha saini ya Dastan.

Herufi hizo tatu zinajulikana kila ofisi ya nchi hii. Kwa niaba ya. Mwenye nafasi hayupo, mwenzake anasaini, mambo yanakwenda. Hufanywa kila siku, na hakuna anayeuliza mwenye neno hapo ni nani, yule aliyetajwa au yule aliyeshika kalamu.

Felisita alifunga mlango, akamweleza yote. Dastan alianza kwa kucheka. Kicheko kikapungua, kikaisha katikati.

"Mbona hukuniambia?"

"Niliona aibu."

Dastan aliweka kidole kwenye fomu. "Kwa hiyo hapa ni mimi au ni wewe?"

Felisita akaichukua ile nakala. Alikimbilia kwa Mzee Yakobo aombe leseni isitishwe, akaulizwa ushahidi. Jumatatu jioni akaenda stendi. Ngeleja alikuwa amechuchumaa kando ya basi, anapangusa tairi.

"Mwadila, mayu."

Felisita aliiruka salamu. Aliinama karibu na sikio lake. "Ni nani? Ni mimi au ni yule?"

"Hata mimi najiuliza," mzee alinong'ona. "Siku zote ni jina moja. Safari hii mmeniwekea mawili."

"Acha kuendesha."

"Nikiacha inakuja nyumbani kwangu. Nina wajukuu saba." Macho yake yalikuwa na machozi ya kweli, na hayo ndiyo yaliyomtisha Felisita kuliko yote.

Basi lilikuwa linaondoka saa mbili asubuhi na kurudi alasiri. Saa hizo zikawa ndizo maisha yao. Dastan aliacha utani. Aliacha pikipiki nyumbani, akawa anakuja kwa miguu, akipita mbali na barabara. Felisita aliondoa hata gilasi ya maji mezani kwake. Likisikika gari likifunga breki nje, wote wawili walishika meza, kisha wakatazamana kuona nani bado mzima. Kila alasiri basi liliporudi Dastan alisema, "Leo tena tumepona," na walirudi makwao. Jambo moja Felisita hakumwambia mtu, na lilimchoma: kila asubuhi alipokuwa akisali, hakujua anaomba iwe kwa nani.

Jumatano ya wiki ya pili ikapita. Alhamisi, saa nne na dakika kumi, ofisi ilikuwa imejaa. Nje fundi alikuwa anagonga bati. Dastan aliinua muhuri.

Mguu wa kulia wa Felisita ukanyooka.

Hakuutuma. Ulikanyaga chini ya meza kwa nguvu, hadi goti likalia. Mikono yake ikabana ukingo wa meza. Mguu ukakanyaga tena. Na tena. Hakukuwa na kishindo. Kilichoanguka ni muhuri tu.

Akageuza shingo kushoto.

Dastan alikuwa amelalia meza. Paji la uso lilikuwa limeingia ndani. Nywele zake zilijaa punje za kioo. Mwanamke mmoja kwenye foleni alianza kusema Yesu, Yesu, Yesu, kwa sauti ndogo, na hakuna aliyemnyamazisha.

Hospitali, daktari aliuliza gari liko wapi. Walipomwambia hakuna gari, aliuliza tena. Majeraha yale, alisema, ni ya mtu aliyekaa kiti cha mbele, kushoto kwa dereva. Alasiri ikaja habari kwamba basi la Lingeka lilikuwa limebingirika asubuhi ile, na abiria wote walikuwa wazima, wengine hata mayai yao hayakuvunjika. Dereva aliliegesha stendi, akarudisha funguo, akaondoka na begi lake. Mkoa aliokwenda haujulikani.

Walimzika Dastan Jumamosi. Felisita alifika msibani akichechemea. Mguu ulikuwa umemuuma siku mbili nzima na hakuwa na moyo wa kuutazama. Barazani wanawake walikuwa wanaosha vyombo na saruji ilikuwa imelowa. Akavua viatu, akapita kwenye maji, akaingia ndani hadi mkekani alipokaa Veronica. Akapiga magoti mbele yake. Alikuwa amekuja kumwambia ukweli.

Veronica hakumtazama usoni. Alikuwa anaangalia sakafu nyuma yake, nyayo za maji zilizotoka mlangoni.

"Wifi," alinong'ona, "mguu wako wa kulia una nini?"

Felisita akageuka. Wayo wa kushoto ulikuwa wayo. Wa kulia ulikuwa mistari, saba, imenyooka, ndani ya umbo la mraba. Akaupindua mguu. Chini ya vidole, nyama ilikuwa imebonyea na kuiva zambarau, mistari ileile saba, sawasawa na mpira unaovishwa pedali ya gari.

Maisha yake yote hajawahi kukaa nyuma ya usukani. Alifungua mdomo ili aseme hajui.

"Breki," akajikuta anajibu. "Nilikanyaga, wifi. Nilichelewa."