Gia Fupi ya Naoki

Jua lilikuwa linazama nyuma ya milima ya Gunma, Japani, mama yake Naoki alipoingia gereji kwa Tsukuda, mkoba begani, mkononi kitu kizito kilichofungwa kwa kitambaa cheusi.

"Leo ni siku ya arobaini na tisa tangu Naoki afe," alisema. "Leo roho ya mwanangu inaondoka moja kwa moja. Nipeleke pale konani alipofia nikamuage."

"Sawa, mama. Twende."

"Ngoja. Kwanza nifungie hii kwenye gari lako."

Akafungua kitambaa. Ilikuwa fimbo ya gia ya Naoki, ile fupi, iliyochomolewa kwenye mabaki ya gari lake.

Aliyemfungia Naoki fimbo hiyo ni yeye Tsukuda. Naoki alitaka gia zinazoingia kwa kugusa tu. Magari yao yalikuwa ya aina moja, na kila Jumapili Naoki alimshinda mbio kwenye mteremko wa mlimani, watu wakicheka. Basi Tsukuda akatoa springi moja ndogo, ile inayoirudisha fimbo katikati. Bila springi hiyo, ukitoka gia ya tano kutafuta ya nne, fimbo inapitiliza hadi ya pili. Ukiwa kwenye mwendo mkali, matairi ya nyuma yanagoma kuzunguka. Alitaka Naoki aharibu injini tu, ndivyo alivyojiambia mazishini, huku akilia kuliko ndugu wote. Mnafiki mkubwa!

Springi ilikuwa kwenye kopo, hatua mbili kutoka alipoinama. Akiirudisha, mama ataona. Asipoirudisha...

Mama alikuwa anaviangalia vidole vya Tsukuda.

"Haikosi kitu hiyo?"

"Haikosi kitu, mama."

Akaifunga bila springi. Nitaendesha polepole, alijiambia.

Wakapanda mlima. Mama alinong'ona bila kumtazama.

"Kila jioni naisikia fimbo hii nyumbani, kwenye meza ya picha ya marehemu. Kla... kla... Tano, halafu kla. Mimi magari siyajui. Nimejifunza kwa kusikiliza."

Tsukuda akashika usukani kwa mikono miwili. Kileleni mama akamwambia asimame. Akatoa mkobani makopo mawili ya kahawa, ile aliyoipenda Naoki.

"Una neno la kuniambia, mwanangu?"

"Sina, mama."

"Haya. Tangulieni."

Akashuka, akafunga mlango. Tsukuda alikuwa peke yake garini.

Klik.

Mkanda wa kiti kitupu ukajifunga.

Harufu ya ubani ikajaa. Kitu cha baridi kikaufunika mkono wake wa kushoto, kidole juu ya kidole, na mguu wake ukakandamizwa kwenye mafuta. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Alikanyaga breki kwa mguu mwingine, ikawa laini kama tope. Ya nne... Ya tano. Kona ikatokea mbele, na maua yaliyonyauka kwenye kingo za chuma.

"Niliitoa mimi!" alipiga kelele. "Naoki, ni mimi! Nisamehe!"

Mkono ule ukampapasa vidole, kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kuandika. Kisha ukavuta chini.

Kla.

Polisi waliandika kwamba dereva alikosea gia. Hawakuandika kuhusu springi ndogo iliyokutwa imejikaza kwenye kidole chake kama pete, wala hakuna aliyejua kwamba kopo ilimokuwa springi hiyo kule gereji lilikuwa limebaki tupu.

Mama alikuwa ameteremka kwa miguu, bila haraka. Aliweka makopo mawili konani, akayafungua yote, akarudi nyumbani.

Jioni iliyofuata alikaa mbele ya picha ya mwanawe, akingoja kimya alichoahidiwa. Siku arobaini na tisa zilikuwa zimepita. Naoki alipaswa kuwa ameondoka.

Kla... kla...

Na safari hii, nyuma ya mlio huo, sauti ya Tsukuda ikiomba ashushwe.

Mama alisikiliza kidogo. Akaongeza ubani, akaenda kupika wali.