Joto la Methani

Ukumbi wa kusahihishia mitihani ulifurika walimu, na kati ya wote hao mwalimu wa kemia akapangiwa meza moja na mwanamume aliyemkimbia harusi ikiwa imekaribia. Shati jeupe la bwana huyo lilinyooka kwa pasi kama zamani, na manukato yalikuwa yale yale. Moyo wa mwalimu ulienda mbio, naye akauchukia.

"Kumbe kiongozi wa meza ni wewe?" bwana aliuliza.

"Ni mimi. Kaa usahihishe."

Hawakusemezana tena mpaka mwalimu, kama kiongozi, alipopitia karatasi alizosahihisha bwana huyo. Swali lilitaka badiliko la enthalpi, yaani joto linaloingia au kutoka, gesi ya methani inapoungua; likitoka, jibu huwa hasi. Kila mtoto aliyepata jibu hasi, lililo sahihi, alikuwa amekula sifuri.

Akamwinamia, akanong'ona. "Umechanganya kanuni. Kwenye bondi za atomi unachukua nishati ya kuzivunja, unapunguza ile ya kuziunda. Wewe umegeuza."

"Umeanza. Kazi yako kunikosoa tu."

"Kwa jibu lako, jiko la gesi lingegandisha chai," mwalimu alisema, sasa kwa sauti.

Meza ikacheka. Bwana akasukuma kiti, uso umemwiva.

"Ndiyo maana nilikuacha. Huwezi kukaa na mtu bila kumdhalilisha."

"Uliniacha kwa simu," alisema mwalimu. "Mama yangu alikuwa ameshashona nguo za harusi."

Bwana akatoka. Mwalimu alitamani kumshtaki kwa msimamizi afukuzwe, na haki alikuwa nayo. Kabla hajainuka, bwana akarudi akiwa na msimamizi mwenyewe.

"Nimewaonea watoto," alisema, watu wote wakisikia. "Nilikosea mimi, aliyegundua ni huyu. Narudia karatasi zote."

Katika uchumba wao wote, mwalimu hakuwahi kumsikia akitamka neno nilikosea.

Jioni simu ya mwalimu ikalia. Alikuwa bwana yule.

"Mpenzi..."

"Usiniite hivyo."

"Sawa. Niliogopa kuoa mtu anayenizidi akili. Hukunidhalilisha, woga ulikuwa wangu. Bado nataka kukuoa. Niruhusu nije kumwomba mama radhi."

"Atakufukuza."

"Nitarudi tena."

"Na mimi sijakusamehe."

"Najua."

Mwalimu aliangalia kalenda ukutani.

"Njoo Jumapili," alisema mwishowe. "Ukifika, uanze na mama. Mimi usinisemeshe mpaka akukaribishe ndani."

Akakata simu, akalia kwa hasira, maana alikuwa bado anampenda.