Pete Juu ya Randa

Hebu niambie, umewahi kuokota unywele wa mwanamke mwingine kwenye kola ya mumeo, ukauvuta uone urefu wake, ukakatika kwa mlio kama njiti?

Nesi aliuokota. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, saa tatu asubuhi, viatu bado viko miguuni, anatenga nguo za kufua. Ulikuwa mrefu, umejiviringa, rangi ya asali iliyoungua. Alipoona ni mti alijicheka. Maranda tu, yale yanayomwagika ubao ukipigwa randa, na mumewe siku hizi alikuwa anaishi humo. Kisha akaunusa. Ulinuka spiriti, na chini ya spiriti, marashi. Akautazama vizuri. Ulikuwa umesukwa, nyuzi tatu, kwa mkono wenye subira.

Mumewe mtaani walimwita Injinia, na si kwa heshima. Ana digrii ya uhandisi, daraja la kwanza, imetundikwa ukutani ndani ya fremu aliyoichonga mwenyewe, na hiyo fremu ndiyo kazi pekee ambayo digrii ilimpatia. Miaka minne ya kutuma sivii. Miaka minne ya intavyuu za maigizo, ambapo kiti kimeshakaliwa na mpwa wa mkubwa kabla tangazo halijatoka. Wanataka uzoefu wa miaka mitano kutoka kwa mtu waliyemnyima hata wa siku tano. Basi ili asiongee na kuta akajitafutia hobi: fenicha za mkono, bila mashine. Msumeno, patasi, jiwe la kunolea, na randa ya mbao ya kizamani, ile yenye pembe mbele ya kushikia mkono wa kushoto.

Vifaa vyote vilitoka kwa mjane wa seremala wa mtaa wa pili. Alimpa sanduku zima bure, hakutaka hata ahsante. Alimwambia tu, mlango ukiwa nusu umefungwa, kwamba ile randa asimrudishie hata ikipasuka. Injinia alidhani ni uchungu wa msiba. Wasomi hawakosi maelezo.

Stuli yake ya kwanza, aliyoichonga kwa patasi na msasa tu, ilichechemea hata ikiwa haina mtu. Lakini alipoishika ile randa mkono ulifunguka ghafla, na akaanza kitanda, maana tangu waoane walikuwa wanalalia godoro sakafuni. Majirani walikuja kuchungulia, wakapitisha viganja kwenye ubao, wakasema huyu bwana kumbe anajua kitu. Ilikuwa mara ya kwanza kusemwa hivyo kwa miaka minne. Nesi alimwona mumewe akitembea kifua mbele, akafurahi. Furaha ilidumu kama wiki. Kisha akagundua kwamba kile kifua hakikuwa kinamwelekea yeye.

Injinia alianza kufunga mlango wa chumba cha uani alimokuwa akichongea. Adhuhuri, Nesi akiwa amejilaza kutafuta usingizi wa mchana, alisikia randa ikipita, shwaaa, ndefu, polepole, halafu kimya, halafu mumewe anazungumza kwa sauti aliyokuwa akiitumia wakati wa uchumba. Siku ya tatu alisikia na kicheko. Hakikuwa cha mumewe.

Jioni hiyo alimuuliza, kwa chini chini kama anayeogopa kuamsha mtu, nani huwa anakuja.

"Mke wangu, unauonea wivu mti?"

"Mti haucheki, baba."

Injinia akasema ni stresi za zamu. Akarudi chumbani kwake.

Kitanda kilifika hatua ya vanishi. Injinia hakutumia brashi. Alifunga pamba ndani ya kitambaa laini, akaichovya, akaizungusha kwenye ubao duara kwa duara, koti moja kila siku, hadi makoti saba. Koti la saba lilipokauka kiliwaka kama maji yaliyotulia. Alipitisha kiganja chake kutoka kichwani hadi miguuni, akamshika Nesi mkono, akamwambia ajilaze kabla ya godoro, asikie ulaini wa kazi ya mumewe.

Nesi akajilaza. Ulikuwa mchana mweupe, jua limejaa dirishani, watoto wa jirani wanacheza nje, na kwa pumzi mbili au tatu ubao ulikuwa baridi na laini kweli, mpaka alipohisi kitu kinamsogea mgongoni kutoka chini kwenda juu, taratibu, kama kiganja cha mtu anayepapasa kitambaa dukani kabla ya kukikataa, na yale marashi yakapanda puani, na alipotaka kuinuka nywele zake zikawa zimebanwa kwenye ubao usio na ufa, na ubao mzima ukavuta pumzi chini yake, ukasimamisha nyuzi zake kama manyoya ya paka, na kilichomtoka mdomoni hakikuwa kelele bali hewa tupu.

Injinia alimvuta. Mgongo wa mkewe ulikuwa na vibanzi tele, vyote vimelala upande mmoja. Alivichomoa kwa kibano kimoja kimoja. Kisha akapitisha kiganja tena kwenye kitanda. Kilikuwa laini kama kioo.

Aliyeitwa ni Bi Gundi. Kabla hajawa mganga alipaka vanishi kiwandani miaka thelathini, na jina hilo alipewa kwa sababu akiingia nyumba ya mtu hatoki mpaka birika la chai likauke. Kitanda hakukitazama kabisa. Alitazama vidole vya Injinia.

"Pete ya ndoa iko wapi, mwanangu?"

Akaeleza. Vanishi mbichi haitaki chuma. Pete ikigusa koti ambalo halijakauka inaacha mkwaruzo usiofutika. Kila fundi huvua.

"Hilo nalijua. Nauliza ukivua unaiweka wapi."

Akaonyesha. Pete ilikuwa pale, juu ya pembe ya randa, imekaa sawasawa kana kwamba ilipimwa. Bi Gundi akakalia ile stuli mbovu, akauliza makoti mangapi. Saba. Akafunga macho. Akasema sisi tuliofunzwa pete tulizifunga shingoni, hatukuziacha juu ya kifaa cha marehemu, kwa sababu jini wa mti hana haraka, anangoja tu kuvishwa.

"Wewe umemvisha mara saba. Kwa hesabu yake, mwizi ni huyu mkeo."

Dawa ilikuwa moja: amwache huyo jini. Talaka tatu, mkono juu ya randa, kwa sauti. Injinia akajaribu kwanza kuivuta pete. Pembe ilikuwa imevimba, imeimeza. Akasema talaka ya kwanza. Pete ikalegea. Akasema ya pili, na maranda yote ya sakafuni yakainuka, yakasimama wima kama watu walioitwa majina yao, na chumba kikajaa marashi na harufu ya nywele zilizolowa, na kutoka ndani ya mti ikaja sauti ya mwanamke anayelia huku amejiziba mdomo.

Ya tatu haikuja.

Injinia alikuwa anatazama kitanda. "Nikimwacha," alinong'ona, "nitabaki na nini?"

"Mimi nipo," akasema Nesi.

"Wewe una zamu ya kwenda, mke wangu. Mimi nina mkono huu tu, na mkono huu ni wake."

Alilisema kwa upole. Afadhali angemzaba kofi.

Bi Gundi akaacha chai yake ikifuka moshi, akatoka. Mlangoni alimnong'oneza Nesi kwamba talaka mbili si tatu. Huyo jini sasa yuko kwenye eda, miezi mitatu, na mke wa eda hatolewi nyumbani. Mume akitaka anamrejea. Ikipita bila kurejewa, ataondoka. Mpaka hapo wanaishi watatu.

Mwezi mmoja umeshapita. Nesi anapungua. Si kama mgonjwa. Mizani ya hospitalini inaonyesha anapungua kila siku kiasi kilekile, kwa usawa, mabega, viuno, hata visigino, kama ubao unaopigwa randa na mtu anayejua kazi.

Basi nyinyi wakubwa wa maofisi, mliokalia faili la Injinia miaka minne mkimwambia linashughulikiwa: hatuombi tena. Mtoeni mpwa kwenye kile kiti. Mwiteni huyu mtu kazini wiki hii, mkono wake upate kitu kingine cha kushika, alitamke neno la tatu wakati mkewe bado ana mwili wa kulisikia.