Nusu Aliyoisema Hester

Jumanne, tarehe 4 Machi 2003, Hester Thibodeau, msichana wa miaka kumi na miwili, alimsaidia baba yake kupanga viti katika ukumbi wa mji wao mdogo wa Vermont. Ilikuwa siku ya mkutano wa mwaka. Wapiga kura wangeamua kama polisi wamshike mtu kwa taarifa ya simu tu, hata kama aliyepiga hakujitaja.

Wiki iliyotangulia, mwoka mikate Bwana Nasri, mzaliwa wa Lebanoni, alishikwa na kuhojiwa kutwa nzima. Mtu asiyejulikana alikuwa amewaambia polisi kwamba anapiga picha bwawa la mji, kana kwamba anapanga kulilipua.

"Aliyepiga simu anastahili shukrani. Tangu mashambulizi ya Septemba 2001 nchi iko hatarini," alisema Royce, babake Hester, mfuasi wa chama cha Republican.

"Shukrani ya umbea?" alijibu Bi Corliss, mkutubi, wa chama cha Democrat. "Simu zote hizo zipigwe marufuku. La sivyo kesho watakushika wewe, Royce. Sura yako tu inatisha ng'ombe."

Watu walicheka. Hester hakucheka, kwani yeye ndiye aliyepiga simu. Tena alijua kwamba Bwana Nasri alipiga picha barafu iliyoganda juu ya bwawa. Kila mwaka mji mzima hushindana kubahatisha siku barafu ya bwawa itakapovunjika, naye Bwana Nasri alitaka kushinda. Nusu hiyo Hester aliificha ili aonekane shujaa.

Wakati wa chakula cha mchana palepale ukumbini alimweleza baba yake yote. Royce aliweka kijiko chini, kisha akahamishia sahani yake kwenye meza ya Bi Corliss.

"Corliss, sogea kidogo. Aliyepiga simu ni mtoto wangu; amenivua nguo."

Wapinzani hao wawili wakatunga kanuni moja: taarifa zipokelewe, lakini mtoaji ajitaje na aseme yote anayoyajua, naye mshukiwa asikilizwe kabla ya kuchukuliwa. Mikono ikainuliwa pande zote.

Jioni Hester na baba yake walikwenda kuomba radhi. Walimkuta Bwana Nasri akifunga masanduku.

"Kanuni nzuri," alisema. "Itamfaa mwingine."

"Kwani hamtabaki?" aliuliza Hester.

"Nimekusamehe, binti. Lakini mke wangu haendi tena hata dukani peke yake. Kesho tunaondoka."

Njiani Royce alisema, "Mwanangu, kulinda mji ni wajibu, na haki ya jirani ni sehemu ya mji huo. Sisi wakubwa tulibishana hadi tukachelewa. Nawe ulisema nusu ya ukweli, ukamuumiza mtu mzima."

Msomaji, msimulie mwenzako kisa hiki, hasa yule msiyepatana naye.