Karibu ya Kahiga

Rafiki yetu Kahiga, fundi wa magari kule Kitengela, hadi leo hajibu hodi asipomwona mtu.

Mwaka wa 2003 alikuwa akirudisha paneli ya ndani ya mlango wa gari la spoti la zamani. Paneli ilikataa kukaa. Akiibana huku, inafyatuka kule; klipu ya tatu ikamvunjikia mkononi. Mara stima zikapotea. Gereji ya mabati alikuwa ameifunga kwa sababu ya vumbi, basi akabaki akipapasa gizani saa nane mchana, akiilaani paneli.

Ko, ko, ko.

“Karibu!” akafoka bila kugeuka.

Mkewe, Mugure, alikuwa akifua nje, karibu na mlango wa gereji. “Baba Caro, unamkaribisha nani? Huku hakuna mtu.”

Hapo ndipo Kahiga alipogutuka: mlio ule ulitoka ndani ya mlango wa gari, chini ya kiganja chake.

Paneli ikajikaza yenyewe, ta! Kisha gari likainama upande wa dereva, na springi za kiti zikalia taratibu, kama mtu anajiweka sawa.

Viti vyote vilikuwa Kajiado kwa fundi wa kushona, tangu Jumatatu.